Kilowati 14 au 7? Kisa cha nyumba moja iliyokuwa inatafuta inseti ya fayaplesi

Mtu akitaka kununua inseti ya fayaplesi mara nyingi anaanzia kwenye kioo. Anaangalia upana wake, moto unavyoonekana kwa ndani, rangi, alafu anauliza kilowati ngapi, na zikiwa nyingi ndo anafurahi. Hiki kisa nakiandika kirefu kwa sababu hawa jamaa walikuwa wamebakiza hatua moja tu wakalipie kitu kikubwa mara mbili ya kile nyumba yao inachohitaji, na kilichobadilisha uamuzi hakikuwa inseti yenyewe, ni dohani (ile njia ya kupandisha moshi juu ya paa), chumba na kuni.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, inseti ni boksi la chuma lenye mlango wa kioo ambalo linasukumwa ndani ya fayaplesi ya zamani ya matofali, yaani lile shimo la ukutani la kuwashia moto wa kuni. Moto unawaka ndani ya boksi, hewa inaingia kwa vitundu unavyovifungua na kuvibana mwenyewe kwa kishikio, moshi unapanda kwa bomba, na joto linatoka kwa kioo pamoja na hewa inayozunguka nje ya boksi. Sio jiko la chuma la kusimama katikati ya sebule, japo kazi yao ni ile ile.

Nyumba sasa. Ni ya chini na juu, sebule ina mita za mraba 35, dari mita 2.5, na sebule imeungana na sehemu ya kulia na jikoni kama mita za mraba 20 hivi bila mlango wowote katikati. Ngazi za kwenda vyumba vya kulala ziko koridoni, na koridoni kuna mlango. Madirisha yalishabadilishwa yakawekwa ya vioo viwili yanayofunga vizuri sana (hili likumbukeni, litarudi), kuta ni za zamani. Fayaplesi ya wazi iko kwenye ukuta wa nje, dohani yake ya matofali inapanda kama mita 6 na tundu lake kwa ndani ni sentimita 25 kwa 25.

Malalamiko yalikuwa kwamba moto ukiwaka sebuleni, nyumba nzima iliyobaki inazidi kuwa baridi. Mume alikuwa anabisha. Shemeji, yaani mke wake, ndo alikuwa amesimamia hoja, anasema "kila ukiwasha huo moto wako watoto huko juu wanaongeza sweta", na mume anajibu moto ni moto, unawezaje kuleta baridi. Unaweza, na hesabu yake ni rahisi tu.

Kuni kavu kilo moja ina nishati kama kilowati-saa 4. Walikuwa wanachoma kilo 4 kwa saa, maana fayaplesi ya wazi inakula kweli, kwa hiyo ndani ya moto kuna kilowati 16. Ila fayaplesi ya wazi inarudisha chumbani kama asilimia 10 hadi 15 tu ya hiyo, tuseme kilowati 2, iliyobaki inapaa na moshi. Wakati huo huo dohani inavuta hewa ya chumba, sio ile kidogo ya kuunguzia kuni tu, inavuta hewa kwa mamia ya mita za ujazo kila saa kwa sababu mdomo wote uko wazi. Chukua mita za ujazo 400 kwa saa. Hiyo hewa ulishaipasha na hita, ikitoka inaingia nyingine kutoka nje kupitia kila upenyo, na kuipasha mita moja ya ujazo kwa nyuzi moja kunakula wati-saa 0.34. Kama nje na ndani vinapishana nyuzi 20 inakuja kilowati 2.7. Umeingiza 2, umetoa 2.7. Aliyekaa mbele ya moto anaota mapaja vizuri kabisa maana ile mionzi inampiga moja kwa moja, aliye chumba cha mwisho ndo analipa. Shemeji alikuwa sahihi na nilimwambia mumewe hivyo hivyo mbele yake, haikumfurahisha sana.

Inseti inatatua hilo kwa kufunga mdomo. Hewa inayoingia ni ile inayohitajika kuunguza tu na ufanisi wa inseti nzuri za sasa uko asilimia 75 hadi 80 na kitu. Ulaya tangu 2022 majiko ya kuni mapya yaliyofungwa, inseti zikiwemo, lazima yafikie ufanisi wa msimu wa angalau asilimia 65, na Marekani tangu 2020 kikomo cha chembe za moshi ni gramu 2.0 kwa saa, au 2.5 kama kipimo kilifanywa kwa kuni za kawaida. Nayataja haya kwa sababu inseti za mtumba zipo nyingi na ni za kushawishi, ila nyingi zilitengenezwa zamani kabla ya viwango hivi, hazina hewa ya pili, yaani ile inayoingizwa juu ya moto ili kuunguza moshi, na hapo unanunua nusu tu ya faida.

Sasa, walichokuwa wamechagua: kilowati 14, kioo karibu mita moja, chuma cha kutupwa kizito, kizuri kweli sibishi. Sababu waliyonipa ni kwamba nyumba nzima ina mita za mraba 120 na kuna ile kanuni inayozunguka kwamba kilowati 1 inatosha mita za mraba 10, basi ni 12, ongeza kidogo za akiba zinakuwa 14.

Hiyo kanuni tatizo lake ni kwamba inahesabu nyumba wakati inseti inapasha chumba. Joto la inseti halina mabomba ya kulipeleka vyumbani, linatoka pale ukutani linajaza sebule, linamwagikia jikoni kwa kuwa hakuna mlango, na kidogo linapanda ngazi kama mlango wa koridoni ukiachwa wazi. Kwa hiyo nilichukua ile nafasi iliyoungana, mita za mraba 55 mara 2.5, inakuja kama mita za ujazo 137. Nyumba yenye insulation nzuri, yaani isiyopoteza joto ovyo, inahitaji kama wati 20 hadi 30 kwa mita ya ujazo siku za baridi kali, mbovu kabisa inapita 50, hii yao nikaipa 40. Jibu ni kilowati 5.5. Na hiyo ni baridi kali. Siku nyingi za msimu nje sio baridi kali, ni baridi ya kawaida tu, na mahitaji yanashuka mpaka 3 au chini yake.

Mume akasema sawa, si unanunua ya 14 alafu unaibana? Hili swali ndo lenyewe, kila mtu analiuliza, na ndo linaloua madohani ya watu.

Kilowati 14 kwa ufanisi wa asilimia 78 ni kilo 4.5 za kuni kwa saa, na lile boksi limetengenezwa liwe na joto linalotakiwa likiwa na mzigo huo. Moshi wa kuni sio uchafu tu, ni gesi ambayo bado haijaungua na imebeba sehemu kubwa ya nishati ya kuni, ila ili iungue inataka joto la kama nyuzi 600 juu ya moto pamoja na ile hewa ya pili. Sasa weka kilo moja ndani ya boksi la kilo 4.5, au jaza alafu ubane hewa, joto halifiki huko. Gesi zinapita hivyo hivyo bila kuungua, zinapoa njiani, zinaganda kwenye kuta za dohani kuwa kriosoti, ile lami nyeusi inayong'aa. Kioo kinakuwa cheusi kwa jioni moja. Na siku moja ukiamua kuwasha moto mkubwa ile lami inashika yenyewe, moto wa dohani unaweza kupita nyuzi 1,000, na hapo hatuzungumzii tena habari ya kupasha nyumba.

Ikilinganishwa na ya kilowati 7, hiyo inachoma kilo 2.25 kwa saa ikiwa kwenye kazi yake kamili. Kwenye baridi kali ya 5.5 inafanya kazi karibu na pale ilipotengenezwa kufanya kazi, moto unawaka wazi, kioo kinabaki safi. Siku ya baridi ya kawaida unawasha mzigo mmoja au miwili tu jioni, unauacha uungue vizuri mpaka mwisho, basi. Mimi kati ya inseti iliyopungua kidogo na iliyozidi kidogo nitachukua iliyopungua kila siku, maana iliyopungua unaisaidia na hita siku chache za mwaka, iliyozidi unaitesa msimu mzima.

Shemeji alikubali hapo hapo. Mume alikubali kwa mdomo ila macho yalikuwa bado kwenye kile kioo cha mita moja.

Kilichommaliza ni futi kamba. Tulipima mdomo wa fayaplesi, mbele upana ni sentimita 82, anafurahi, tukaingiza kipimo mpaka nyuma, upana 61, maana kuta za ubavuni zinaenda zikibanana, na juu kuna lile jiwe la mlalo linaloshuka, kimo kinakuwa 58 na kina 44. Fayaplesi za zamani nyingi zimejengwa hivyo makusudi, kuta zimelazwa ili zirudishe mionzi chumbani. Boksi la mstatili haliingii kwenye tundu lenye umbo la faneli. Inseti ya kioo cha mita ingehitaji kubomoa uso wote wa fayaplesi na kuweka boriti mpya juu, kazi ya ujenzi kabisa, wakati ile ya kilowati 7 yenye upana wa 58 kwa nyuma iliingia na ikabaki nafasi ya kupumua. Kwa hiyo pima mbele, pima nyuma, pima juu na chini, na chukua namba ndogo kuliko zote. Pima pia mpaka kwenye rafu ya mbao iliyo juu ya fayaplesi kama ipo, kila inseti ina umbali wake wa lazima kutoka kitu kinachoweza kuungua na umeandikwa kwenye kitabu chake, na sakafuni mbele ya mlango panatakiwa pasiungue, hapo kwao palikuwa na jiwe la sentimita 30 likaongezwa.

Urefu wa kuni nao uliingia hapa. Inseti nyingine zinameza gogo la sentimita 50, nyingine mwisho 33. Waliyochagua ni ya 33, na rundo lao lote lilikuwa la 50. Msumeno ulilia wikendi nzima.

Tuje kwenye dohani, maana hapa ndo fundi wa kwanza aliyeitwa alitaka kupita haraka. Yeye alisema "bosi, hii dohani nzima haina hata ufa, tunasukuma inseti ndani, moshi utapanda wenyewe". Na kweli ungepanda, kwa shida. Tundu la 25 kwa 25 lina eneo la sentimita za mraba 625, wakati mdomo wa moshi wa ile inseti ni wa kipenyo cha sentimita 15, eneo kama 177. Ina maana moshi ukitoka kwenye inseti unaingia kwenye nafasi kubwa mara tatu na nusu, mwendo wake unashuka kwa kiasi hicho, na uko ndani ya matofali ya ukuta wa nje ambayo ni baridi. Fayaplesi ya wazi ilikuwa inapeleka huko hewa nyingi ya moto bila huruma kwa hiyo dohani ilikuwa inapata joto. Inseti imekunyang'anya hilo joto na kulirudisha chumbani, ndo kazi yake, kwa hiyo moshi unaopanda ni mchache na umepoa zaidi. Ukiuacha utembee polepole kwenye matofali baridi unapoa kabla haujafika juu, mvuto, yaani ile nguvu ya dohani ya kupandisha moshi, unakufa, mvuke na lami vinaganda.

Jibu ni bomba la stenlesi la kupinda lenye kipenyo kile kile cha mdomo wa inseti, linashushwa kutoka juu mpaka linakutana na inseti, na pembeni yake kati ya bomba na matofali panajazwa kitu cha kuzuia joto. Inseti nyingi zinataka mvuto wa kama paskali 12 (paskali ni kipimo cha shinikizo) ili zifanye kazi walivyoziandikia, na mvuto unatokana na vitu viwili, urefu wa dohani na moshi kubaki na joto, urefu huwezi kuongeza kirahisi lakini joto unaweza kulilinda. Chini, pale bomba linapopita, panafungwa na bamba la chuma ili hewa ya chumba isipande pembeni ya bomba, bila hilo bamba bado una fayaplesi ya wazi iliyojificha nyuma ya inseti. Fundi wa pili alifanya yote hayo bila kuambiwa, na kabla ya yote aliisafisha dohani na kuteremsha kamera, akakuta tofali moja limechomoza ndani ambalo lingelichana bomba wakati wa kulishusha.

Rudini sasa kwenye yale madirisha. Nyumba inayofunga vizuri ni nzuri mpaka siku unapowasha moto ndani yake, kwa sababu kilo moja ya kuni ikiungua inatumia kama mita za ujazo 8 hadi 10 za hewa, na jikoni kwao kuna feni ya kuvuta moshi wa kupikia ambayo ikiwa kwenye spidi ya juu inatoa mita za ujazo 600 kwa saa. Feni ina nguvu kuliko dohani. Tulijaribu kabla ya kununua chochote, madirisha yote yamefungwa, feni imewashwa, ukasogezwa mshumaa kwenye mdomo wa fayaplesi ambayo haina moto, na ule mwali ukalala kuelekea sebuleni, yaani hewa ilikuwa inashuka kwenye dohani inaingia ndani. Moto ungekuwepo pale ungeleta moshi chumbani na kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi.

Kwa hiyo sharti likawa inseti yenye kiungio cha hewa ya nje, bomba la milimita 100 linapita ukuta wa nyuma na kuleta hewa moja kwa moja kwenye moto. Hapa ule ukuta wa nje ambao ulikuwa balaa kwa dohani ukawa msaada, tundu moja tu. Sharti hilo peke yake liliondoa nusu ya inseti walizokuwa wameziwekea alama. Na hata hivyo ukifungua mlango kuongeza kuni feni ikiwa inazunguka bado moshi unaweza kutoka, kwa hiyo wameweka swichi inayozima feni mpaka dirisha lifunguliwe, na kengele ya kaboni monoksaidi iko sebuleni. Kengele sio hiari, hata kama inseti ni ya bei gani.

Mabishano ya chuma cha kutupwa na chuma cha bamba nayapita haraka. Cha kutupwa kinachelewa kupoa kidogo na kinaweza kupasuka, cha bamba kinapata joto mapema na kinachomelewa, na kwenye boksi la ukubwa huu ambalo ndani limewekewa matofali yanayostahimili moto, tofauti unayoihisi sebuleni ni ndogo. Suala la feni ya inseti ya kupuliza joto lilikuwa muhimu zaidi. Inseti imezungukwa na matofali, bila hewa kupita pembeni na juu yake joto linaingia ukutani na kutoka nje, kwa hiyo waliweka bamba za kalsiamu silikati, ambazo haziungui na zinazuia joto, nyuma na ubavuni, wakaacha njia ya hewa chini na matundu juu. Nikawashauri wachukue aina inayofanya kazi bila feni na feni iwe ya nyongeza, maana zipo ambazo zimetegemea feni moja kwa moja, umeme ukikatika katikati ya moto boksi linapata joto kupita kiasi.

Kuni zilikuwa na habari mbaya. Rundo lilikuwa limefunikwa turubai mpaka chini, pembeni zote, kwa nje zilionekana kavu. Ukipima unyevu kwenye uso wa nje unajidanganya, unapasua gogo alafu unadunga pini za kipima unyevu kwenye uso mpya wa katikati, na kipimo kilisoma asilimia 31. Inatakiwa chini ya 20. Maji yote hayo lazima yachemke na kupaa kwanza kabla moto haujakupa chochote, na yanapoza lile boksi ambalo tumehangaika lifikie nyuzi 600. Hakuna inseti duniani inayorekebisha hilo. Turubai likaondolewa pembeni likabaki juu tu, zikapasuliwa ndogo zaidi ili upepo upite, na msimu wa kwanza ilibidi watafute kuni nyingine zilizokauka.

Inseti ya 7 inafanya kazi msimu wa pili huu. Mara ya kwanza ilinuka rangi mbaya kweli kwa moto wa kwanza na wa pili, madirisha wazi, ni kawaida, rangi inakomaa kwa joto. Sebule na jikoni hita hazijiwashi jioni. Huko juu wanapata joto kidogo, na waligundua kwamba kupuliza joto kulipeleka koridoni hakusaidii sana, kinachosaidia ni kifeni kidogo cha sakafuni kilichowekwa koridoni kikisukuma hewa baridi kuja sebuleni, hewa ya moto inarudi yenyewe kwa juu ya mlango. Chumba cha mwisho hakijawahi kufikiwa na wamekiachia hita yake. Msafisha dohani alipokuja alitoa vumbi la kahawia, kavu, kama kopo moja, hakuna lami. Mume bado anasema kioo ni kidogo.